Damu Si Siri

Siku za kupakia ndizi, nyumba ya akina Yadira iliamka kabla ya majogoo. Mama yake, Zoila, aliwasha jiko. Yadira alimenya ndizi mbichi na kuzitia sufuriani, na zilipoiva, bibi Ersilia, mzaa baba, akakaa kwenye kigoda akazitwanga pamoja na jibini na kuzifinyanga matonge makubwa ya boloni. Baba, Holger, alikula lake akiwa amesimama, panga kiunoni, kisha akatangulia shambani kukata mikungu. Mama alifuata baadaye kidogo, maana kazi yake ilikuwa kwenye kibanda cha kufungashia. Huko wanawake husimama kwenye matangi ya maji tangu asubuhi, wakiosha chane za ndizi, wakizipima, wakizibandika vibandiko na kuzipanga ndani ya maboksi ya kwenda bandarini.

Shamba liliitwa San Eloy, kusini mwa Ekuador, na karibu kila nyumba ya kijiji kile ililitegemea. Yadira alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kwa muda mrefu alikuwa mtoto wa pekee hata akaacha kuomba mdogo wake, na sasa, alipokuwa hategemei tena, mama alikuwa na mimba iliyoingia mwezi wa nane. Baba alikuwa amekwisha kuunda kitanda kidogo cha mbao, na bibi alikuwa akifuma soksi ambazo zingemtosha hata mwanasesere.

Asubuhi moja ya siku kama hizo, Yadira alikwenda uani kukusanya nguo chafu. Akaikuta sketi ya mama imelowekwa peke yake ndani ya beseni, nyuma ya pipa, mahali ambapo hakuna mtu anayeweka beseni. Maji yalikuwa mekundu.

Mama alitokea nyuma yake, akamwambia haraka haraka kuwa huo ni utomvu wa ndizi. Yadira alikuwa amefua nguo zenye utomvu tangu mikono yake ilipopata nguvu ya kukamua shuka. Utomvu huacha madoa meusi yasiyotoka hata kwa dawa ya madoa. Haya yalikuwa mekundu, na yalikuwa yakitoka kwa maji matupu.

"Mama, hii ni damu," alisema.

Mama alitazama mlangoni kwanza, kuona kama kuna mtu. Ndipo akakiri kwamba ilitoka usiku, ghafla, bila maumivu yoyote, kisha ikakoma. Bibi Ersilia alisikia minong'ono yao akatoka na mchi mkononi. Yadira alitumaini kwamba bibi, mtu mzima aliyeona mengi, angeshtuka na kusema twende kwa mkunga. Bibi hakushtuka hata kidogo. Aliuliza kama inauma, akaambiwa haiumi.

"Basi ni mtoto anasafisha njia," alisema. "Mimi nimezaa saba, na damu nimeiona. Haya ni mambo ya wanawake, hayasemwi mezani wala hayasemwi mbele ya wanaume. Na wewe mtoto, mwaga hayo maji kabla baba yako hajarudi."

Mama naye alimshika Yadira mabega akamsihi asimwambie mtu. Baba akijua atamkataza kwenda kazini, na mwanamke anayekosa siku ya kupakia, Bwana Tigrero humtoa kwenye kundi na kumweka mwingine siku hiyo hiyo. Yadira aliahidi. Alimwaga maji kwenye mgomba ulio nyuma ya nyumba, akayatazama yakizama ardhini, na kifuani akahisi kitu kama kaa la moto. Alishindwa kuelewa kwa nini damu ya mama yake ifichwe kama kitu kilichoibwa.

Tigrero alikuwa nyapara wa kibanda. Wiki chache kabla ya hapo mama alikuwa amemwomba ruhusa ya kwenda kliniki ya kijiji kupimwa kwa ultrasaundi, ile mashine inayoonyesha mtoto tumboni. Mashine hiyo ililetwa kutoka mjini mara moja kwa mwezi, na mwezi ule ililetwa siku ya kupakia. Tigrero alimjibu mbele ya wenzake wote: "Hapa tunafungasha ndizi, dada, hii si wodi ya wazazi. Ukitaka kupigwa picha, kapigwe siku yako ya mapumziko." Wengine walicheka kidogo, kicheko cha kuogopa wasije wakaonekana hawakucheka. Mama alipoyasimulia nyumbani aliyasimulia kama utani, lakini aliyecheka ni yeye peke yake.

Siku zilizofuata damu haikutoka tena, na mama akazidi kuamini maneno ya bibi. Yadira hakuyaamini. Kila alipotoka shule alipita mbele ya kliniki, jengo dogo jeupe lenye benchi barazani. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamke mjamzito ameshika tumbo, na chini yake matone mekundu na maneno makubwa yakisema: NJOO LEO, USINGOJE. Alikuwa ameipita picha hiyo tangu darasa la kwanza bila kuitazama. Sasa kila siku aliona kama inamtazama yeye.

Mchana mmoja Pilar, mkunga wa kliniki, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, anayewafahamu watoto wote wa kijiji kwa majina kwa sababu wengi wao aliwapokea yeye. Alimwita Yadira akamuuliza mama hajambo, mbona siku ya ultrasaundi hakumwona.

"Hajambo," alisema Yadira.

Neno hilo lilimfuata njia nzima hadi nyumbani. Alijikasirikia, akamkasirikia mama aliyemwapisha, akamkasirikia bibi na Tigrero pia. Hata hivyo alinyamaza, kwa sababu alikuwa amefundishwa kwamba mtoto mwema hutunza ahadi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ziko ahadi ambazo hazipaswi kutunzwa.

Wiki iliyofuata, siku ya kupakia, walimu walikuwa na kikao na wanafunzi wakaruhusiwa mapema. Bibi alimpa Yadira chakula cha mama, wali na samaki wa kukaanga ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa, akampelekee kibandani. Yadira alipenda kwenda huko. Alipenda kelele za maji na vicheko vya wanawake, na kuona mikungu ikija imening'inia kwenye waya kutoka ndani ya shamba, mmoja nyuma ya mwingine, baba na wenzake wakiivuta kwa mikanda kiunoni.

Siku hiyo hakusikia kicheko. Wanawake walikuwa wakiosha ndizi vichwa vimeinama, na kwenye tangi la mama hapakuwa na mtu. Alimkuta nyuma ya rundo la maboksi, amelazwa juu ya makadibodi yaliyotandikwa sakafuni. Aproni yake ya plastiki ilikuwa imevuliwa, na gauni lilikuwa limelowa damu kuanzia kiunoni hadi magotini. Midomo yake ilikuwa imepauka. Rebeka, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuwa amepiga magoti akimpepea kwa kipande cha boksi, na kando yake alisimama Tigrero, simu mkononi, akitazama saa.

Rebeka alikuwa akimwomba gari. Nje, karibu kabisa na mlango, gari dogo la shamba, pikapu, lilikuwa limesimama kivulini bila kazi. Tigrero alisema gari ni la shughuli za shamba, si la kubebea wagonjwa. Amekwisha kupiga simu mjini na gari la wagonjwa litakuja litakapokuja. Kwa sasa Zoila apumzike, damu itakoma yenyewe, na wengine warudi kwenye matangi kwa sababu lori la bandarini linasubiri na meli haimsubiri mtu.

Yadira aliliweka bakuli chini.

"Bwana Tigrero," alisema, "mama yangu anatokwa na damu."

"Naona, binti. Wanawake hutokwa na damu. Nenda nyumbani kamwambie bibi yako aje."

Hapo lile kaa la moto lilishika. Yadira alimgeuzia mgongo, akatoka nyuma ya maboksi mpaka katikati ya kibanda, mahali ambapo wanawake wote wangemwona, akapaza sauti kuliko kelele za maji.

"Si mara ya kwanza. Alitokwa na damu wiki iliyopita pia. Aliniambia nisimwambie mtu, kwa sababu anaogopa kufukuzwa. Leo ni nyingi zaidi, na gari liko hapo nje."

Kutoka sakafuni mama aliita jina lake, kwa sauti ndogo ya kumkanya.

"Nisamehe, mama," alisema Yadira, na machozi yakaanza kumtoka. "Sinyamazi tena."

Kisha Rebeka aliinuka. Alikwenda kwenye tangi lake, akazima bomba, akavua glavu zake moja baada ya nyingine na kuziweka ukingoni. Mwanamke wa jirani yake alimtazama, akavua zake. Wa upande wa pili akafanya vivyo hivyo, kisha wale wa kwenye mizani, kisha wapanga maboksi. Chane za ndizi zilielea zikagongana kwenye maji bila wa kuzipokea. Mikungu ilisongamana kwenye waya. Tigrero aliwaita kwa majina, akawatishia, akawaambia watajuta, lakini walisimama tu mikono imening'inia, maji yakidondoka kutoka kwenye vidole vyao. Dereva wa lori akaja kuuliza kuna nini.

"Ndizi zako zitaivia hapa hapa, Bwana Tigrero," alisema Rebeka. "Toa funguo."

Wakati huo Holger alikuwa amefika na mstari wake wa mikungu. Alipoona kazi imesimama alifungua mkanda wake akaingia ndani kuulizia. Wanawake walimpisha. Alimwona mke wake, akaiona damu, akatoa sauti ambayo Yadira hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu. Alimwinua mama mikononi kama anavyoinuliwa mtoto aliyelala. Tigrero alitazama lori, akatazama matangi yaliyotulia, akatoa funguo mfukoni na kumrushia Rebeka. Yadira aliona vizuri alikotazama kabla ya kuzitoa. Si kwa mama.

Kliniki haikuwa mbali; Rebeka aliendesha, Holger amempakata mama nyuma, Yadira kando yao. Pilar alitoka nje kabla gari halijasimama sawasawa, akawaambia wamlaze mama kwa ubavu wa kushoto. Alimpima mapigo na shinikizo la damu, akamtundikia dripu, akasikiliza moyo wa mtoto, akasema unapiga, ingawa unakwenda mbio. Rebeka aliuliza kama hatampima njia kwa vidole kuona kama mtoto yuko tayari. Pilar alikataa kabisa. Alisema mjamzito anayetokwa na damu mimba ikiwa kubwa hapimwi hivyo na yeyote mpaka ultrasaundi ionyeshe damu inatoka wapi, kwa sababu kidole kimoja kinaweza kufungulia damu ambayo hakuna wa kuizuia. Kisha akapiga simu hospitali ya mjini wajiandae, akatupa godoro nyuma ya gari na kupanda pamoja na mgonjwa. Holger alishika usukani. Yadira alipanda bila kungoja kuruhusiwa.

Njiani, mashamba ya migomba yakipita huku na huku, Pilar alimuuliza mama damu imeanza lini.

"Leo," alisema mama, macho yamefumba.

Yadira alitazama dirisha dogo nyuma ya kiti cha dereva. Lilikuwa wazi, na masikio ya baba yalikuwa hapo hapo.

"Si leo," alisema. "Ilianza wiki iliyopita, usiku. Ilikuwa nyekundu kabisa, na haikumuuma. Ilikoma yenyewe. Niliiona kwenye beseni. Nawe uliponiuliza pale mlangoni nikakudanganya."

Pilar hakumgombeza. Alichukua simu yake akarudia maneno hayo kwa daktari, neno kwa neno: ni mara ya pili, nyekundu, haina maumivu. Alisikiliza kidogo, akaitikia, kisha akauweka mkono wake kwenye goti la Yadira na kuuacha hapo mpaka mjini.

Hospitalini walikuwa wakingojewa. Kwa kuwa daktari alikuwa amekwisha kupewa habari zote, hakupoteza muda kubahatisha. Mashine ya ultrasaundi ilikuwa tayari, na muda mfupi baadaye Pilar alitoka kuwaeleza. Ndani ya tumbo la mama, kondo la nyuma, lile ambalo mtoto hupatia chakula na hewa, halikujishikiza juu kama linavyopaswa. Lilikuwa limekaa chini na kuuziba mlango wa kizazi, njia ambayo mtoto hupitia kutoka. Kadiri mimba inavyokua mlango huo hujiandaa kufunguka, na kondo likaanza kubanduka na kutoa damu. Mtoto hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida. Mama anaingia kwenye upasuaji sasa hivi, na anahitaji damu.

Holger alikuwa wa kwanza kukunja shati. Hakuwa wa mwisho. Haukupita muda mrefu mlango wa ukumbi ukafunguliwa, wakaingia wanawake wa kibandani kundi zima, na mabuti yao ya mpira na aproni zilizolowa, wakiacha alama za matope kwenye sakafu iliyong'aa. Walikuwa wamekataa kulipakia lori, wakamwacha Tigrero nalo. Rebeka, aliyebaki kliniki, alikuwa amewaita, nao walikuja kuchangia damu.

Yadira alikaa kwenye benchi. Baba alirudi na pamba kwenye mkono, akakaa karibu naye. Alimuuliza kama kweli alijua tangu wiki iliyopita. Yadira aliitikia kwa kichwa, akasema bibi naye alijua, akajikunyata akingoja kofi. Badala yake baba alifunika uso wake kwa mikono yake mikubwa yenye madoa ya utomvu.

"Nalala naye kitanda kimoja," alisema. "Mtoto anajua, mama yangu anajua, mimi nimefichwa kama mgeni. Mlidhani ningefanya nini? Ningemchagua Tigrero?"

Bibi Ersilia aliletwa na jirani jioni ile, kitambaa kichwani, rozari mkononi. Hata kabla ya kuketi alianza kusema kwamba damu kidogo si ajabu, yeye alizaa saba na kila mara ilikuwa hivyo. Yadira alihisi angeweza kupiga kelele. Pilar ndiye aliyemgeukia, na sauti yake haikuwa na uchangamfu wake wa kila siku.

"Mama Ersilia, kati ya hao saba, uliwalea wangapi?"

Bibi alizungusha shanga za rozari, akazizungusha tena.

"Wanne," alisema hatimaye. "Wawili walizaliwa wamekufa, kwa damu. Mmoja alitoka mapema, hata sura sikuiona. Mama mkwe wangu aliniambia ninyamaze, wanaume wasisikie. Nikalia jikoni, peke yangu, nikapika chakula cha jioni."

Yadira alikuwa amemkasirikia bibi kwa siku nyingi, na hasira hiyo haikumwisha, lakini sasa ilimpita bibi ikaenda mbali zaidi, kwa wote waliomwambia mwanamke yule kijana, miaka mingi iliyopita, afute machozi na kupika. Alisogea kwenye benchi akampa bibi nafasi. Bibi alikaa, akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguliwa.

Mama alikuwa hai. Alikuwa amepoteza damu nyingi na amepewa nyingi, na angelazwa siku kadhaa, lakini alikuwa hai. Mtoto alikuwa wa kike, njiti, mdogo hata angelala juu ya mkono mmoja wa baba, toka kiganjani hadi kiwikoni. Walimweka ndani ya sanduku la kioo lenye joto, mirija puani. Walimwita Alba. Daktari alimwambia Holger waziwazi kwamba kama wangesubiri gari la wagonjwa kule kibandani, angekuwa akimpa habari nyingine, na kama wangekuja ile damu ya kwanza ilipotoka, mambo yasingefika hapo, maana mama angelazwa, akapumzishwa na kuangaliwa, na mtoto angeongezewa muda wa kukua tumboni.

Wiki zile Alba akiwa ndani ya kioo, wanawake wa San Eloy hawakurudi kwenye matangi. Walisema watarudi mambo mawili yakikubaliwa: mjamzito aende kliniki siku yake bila kupoteza nafasi, na gari la shamba limbebe yeyote anayeugua. Wenye shamba walituma kwanza kikapu cha matunda hospitalini, chenye utepe na kadi ya pole. Mama alikitazama, akamwambia Yadira akakigawe wodini. Ndizi zilipoanza kuivia kwenye migomba, wenye shamba walikubali yote mawili, kwa maandishi. Tigrero alihamishwa akasimamie bohari ya mbolea, ambako hakuna wa kumwomba ruhusa.

Siku ya kwanza ya kazi, kabla bomba halijafunguliwa, Pilar alikuja kibandani. Aliomba wanaume waitwe kutoka shambani, na walipoanza kujikohoza na kutazama chini aliwaambia hawaendi popote, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa bila mwanamke. Yadira, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, alisimama karibu na baba yake pamoja na watoto wengine wachache.

Pilar alisimulia yaliyompata Zoila, kwa idhini ya Zoila mwenyewe, bila kuficha jambo.

"Nisikilizeni vizuri," alisema. "Mimba ikiwa changa, damu kidogo wakati mwingine hupita na mtoto akawa salama. Wakati mwingine ni mimba inayotoka, au imetunga mahali pasipo pake, na hiyo inaua. Nani kati yenu anaweza kuzitofautisha kwa kutazama nguo? Mimi mwenyewe siwezi bila vipimo. Kwa hiyo ukiona damu, hata tone, unakuja siku hiyo hiyo. Ikiwa ni nyingi, ikiwa tumbo linauma, ukisikia kizunguzungu au homa, au mtoto ameacha kucheza, hata hiyo saa usiipoteze. Na mimba ikiwa kubwa, damu yoyote ni ya kukimbizwa hospitali. Msiniambie haiumi. Ya Zoila haikuuma, na ilikaribia kumzika. Vaa pedi, ujue imetoka kiasi gani, usiingize kitu chochote ndani, usinywe majani ya mtu, njoo."

Aliwatazama wanaume, kisha akamtazama Yadira.

"Huyu mtoto aliombwa atunze siri. Ninyi watoto mliopo hapa, mtu mzima akikuomba unyamaze juu ya jambo linaloweza kuua, hujavunja heshima ukisema. Unamwokoa yeye aliyekuomba. Yadira amekuja kuniomba radhi kwa kunidanganya, na mimi nimempokea, lakini radhi kubwa tunapaswa kuiomba sisi watu wazima. Mtoto wa miaka kumi na miwili asingebeba damu ya mama yake peke yake kama sisi tusingeifanya aibu. Na hiyo hasira uliyo nayo, binti, usiitupe. Kuna watu bado hawajasema."

Wanaume walitazama viatu vyao, na mmoja wao, mzee mwenye mvi, akavua kofia. Rebeka alianza kuvaa glavu zake.

Ndipo kutoka mwisho wa safu, kwenye meza ya vibandiko, msichana mmoja akainua mkono. Aliitwa Betsi. Alikuwa ameajiriwa juzi juzi, ameolewa mwaka ule ule, na hakuna hata mmoja kibandani aliyejua kuwa ana mimba. Mumewe alikuwa amesimama kati ya wakata mikungu, na alipouona mkono huo akageuka mzima mzima.

"Mimi," alisema Betsi, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Tangu jana. Kidogo tu."

Pilar alimfikia kabla hajamaliza kuushusha mkono. Mume alikuja mbio, akiruka mabomba ya maji, akamshika mkewe kiuno. Yadira alikimbilia nje akafungua mlango wa gari, akabaki ameushikilia mpaka Betsi akapanda. Waliondoka vumbi likitimka nyuma yao, na hakuna aliyeomba ruhusa kwa mtu.